Saa Kifuani mwa Msusi

Naapa kwa macho yangu yote mawili, hata hili lenye mtoto wa jicho: kila neno hapa ni kweli tupu.

"Itoe!" alisema Fundi Saa, akabwaga kibano mezani.

"Nitoe nini?" aliuliza Msusi, mchumba wake.

"Saa uliyoficha kifuani. Siku zote naisikia kwa mbali chini ya redio, nanyamaza nikidhani utasema mwenyewe."

Msusi alikuwa amemletea chai kibandani. Umeme ukakatika, redio ikazimika, na kimya kile kikamuumbua. Tik, tik, tik.

"Sina saa."

"Mimi nashinda na saa, unidanganye mimi? Tena hiyo ya kiume, mlio wa chuma. Nani kakupa?"

Msusi alitaka kucheka, akataka kulia. Mwanamume wa kwanza alipoambiwa ukweli, alijibu kwa ujumbe wa simu: "Nilitafuta mke, si mgonjwa. Kila la heri." Tangu hapo Msusi akawa mtu wa kola ndefu, na kila aketipo lazima redio iwake. Sasa je, na huyu akikimbia? Basi akimbie leo, si baada ya ndoa.

Akafungua vifungo vya juu. Kovu likaonekana, limenyooka kama njia aliyoichora mwenyewe kwa kitana kichwani mwa mteja.

"Kanipa daktari. Vali ya moyo wangu iliharibika, wakaniwekea ya chuma. Ndiyo inayolia."

Fundi Saa akalitazama kovu.

"Inauma?"

"Haiumi. Ila kila jioni nameza dawa ya kuzuia damu isigande, na nitaimeza maisha yangu yote. Nikijikata, damu inachelewa kukauka. Mtoto si wa kubahatisha, kwanza tutaonana na daktari. Na saluni siachi! Sitaki kulelewa kama yai. Ukiona mzigo, nenda."

"Kibanda changu hiki, niende wapi?"

"Usinifanyie mzaha!"

"Mpenzi, nimekondeana kwa kuionea wivu vali! Ngumi nilishaiandaa, nilikuwa natafuta tu uso wa kuipokea."

Akasogeza stuli, akainamisha sikio kifuani, macho kafumba.

"Inakwenda sawa?" Msusi aliuliza.

"Hilo mwulize daktari. Mimi najua tu kwamba bila mlio huu sitapata usingizi. Tarehe ya harusi haisogei."

"Na hunibebi?"

"Nikubebe na mgongo huu? Utanibeba wewe."

Wakaoana. Mfungishaji ndoa alipoomba utulivu, ukumbi mzima ukausikia moyo wa bibi harusi. Mashangazi wakakagua saa zao, na mpiga kinanda akayafuata mapigo yake...

"Babu! Uongo gani huo?"

Nageuka: bibi harusi mwenyewe, mjukuu wangu, anasoma begani kwangu.

"Aliyesikia ni mume wangu peke yake. Na wewe ulikuwa umelala, unakoroma!"

"Chumvi kidogo tu, mjukuu wangu."

"Utailipia. Kesho unanisindikiza kliniki, unabeba mkoba, unakaa benchi mpaka niitwe. Na lifti ni mbovu."

Ndiyo maana leo namalizia haya nikiwa nimeketi kwenye ngazi za kliniki, nahema. Yeye anapanda taratibu, anapumzika, anapanda tena. Ameshafika juu.

"Babu, nikutafutie machela?"