Mfungashaji na Mgongo wa Domina

Sekunde kumi na moja! Mhandisi Sikudhani Mbwambo aliruka kitini na kupiga makofi peke yake mbele ya kioo cha kompyuta. Mfungashaji, mashine aliyoihangaikia miaka sita, alikuwa amemeza msimbo asilia wa programu, yaani maagizo kama yalivyoandikwa na binadamu, akatambua mwenyewe programu nyingine zote zinazohitajika, akaupika, akaujaribu na kuufunga katika kifurushi kilicho tayari kwa kompyuta yoyote yenye mfumo wa Linux jijini Dodoma. Kazi hiyo ilikuwa ikiwachukua wafungashaji kumi na wawili wiki nzima. Msimbo asilia ni unga, na hakuna anayelishwa unga mkavu. Sasa alikuwa amepatikana mpishi asiyechoka wala kuomba likizo.

Mwaka huo wa 2094 jiji zima liliendeshwa na Linux, kuanzia pampu za maji hadi mageti ya treni. Kifurushi hiki kilikuwa cha vitanda joto vinavyotunza watoto njiti. Saa nne kamili kingejisambaza kwenye vitanda sitini vya hospitali ya wazazi, na kikifanya kazi vizuri, Mfungashaji angekabidhiwa programu zote elfu nne za jiji. Saa ya ukutani ilisema nne kasoro dakika tisa.

"Umepiga hodi?" aliuliza Mama Lyatuu, mkuu wa wafungashaji, aliyekuwa akistaafu siku hiyo hiyo.

Ilikuwa desturi yao ya zamani: kifurushi hakitoki mpaka mtumiaji wake apigiwe simu. Sikudhani aliiona ni umbea tu wa ofisini.

"Mama, amefanya majaribio elfu tisa. Hakuna hata moja lililokwama."

"Haya. Nipe simu."

Akampigia Domina Chilongani, muuguzi wa wodi, akafungua kipaza sauti cha simu, na kitu cha kwanza akamuulizia mgongo. Domina naye akauelezea huo mgongo: unavyouma alfajiri, dawa ya kuchua, shemeji aliyemletea mafuta ya mnyonyo. Kasoro sita. Kasoro tano. Sikudhani alitamani kuinyakua ile simu.

"Na wenyewe niliuumiza siku ile namsaidia fundi kuinua kitanda cha tano na cha sita," Domina akaendelea. "Si ndipo akazigeuza nyaya za kipimajoto, ukaturekebishia kwenye programu? Mpaka leo viko hivyo hivyo."

Mama Lyatuu akamwashiria Sikudhani autazame msimbo. Alikwisha kufunga vifurushi maelfu. Hilo lilikuwa limemtoka kabisa.

Sikudhani akaupekua. Mstari ulikuwepo, bila maelezo yoyote: kwa vitanda hivyo viwili, joto lisomwe kuwa baridi na baridi isomwe kuwa joto. Mfungashaji alikuwa ameudhania ni kosa, akausahihisha. Mtoto akipata joto, kitanda kingezidi kumchemsha.

"Kuna watoto humo?" Mama Lyatuu akamuuliza Domina.

"Mapacha. Wana siku ya tatu leo."

Sikudhani akakizuia kifurushi dakika moja kabla ya saa nne.

Alipopata pumzi, akacheka kwa sauti. "Nimepata dawa, Mama! Namfundisha Mfungashaji kupiga hodi mwenyewe!"

Na kweli alimfundisha, kabla hata ya saa sita. Simu ya kwanza ilikwenda kwa Domina, kwa sauti tamu kuliko ya mtangazaji wa redio: "Kifurushi cha mizani ya watoto kiko tayari. Je, kuna tatizo?"

"Hakuna," Domina akajibu, akakata.

Sekunde nne. Sikudhani alilitazama jibu hilo kwenye kioo, na furaha ikamwishia mdomoni. Mwenye kumbukumbu ya zile nyaya alikuwa mgongo, na mgongo haukuulizwa. Zilibaki programu elfu nne, na nyuma ya kila moja alikuwapo Domina wake.

Mama Lyatuu alikwisha fika mlangoni na boksi lake la vitu. Sikudhani akainua simu.

"Shikamoo, sista Domina. Ni Sikudhani, wa ofisini kwa Mama Lyatuu. Mgongo unaendeleaje?"

"Marahaba. Mgongo?" Domina akashusha pumzi ndefu. "Una nafasi kweli, mwanangu?"

"Ninayo," akasema Sikudhani, na Mama Lyatuu akaliweka boksi chini, akavuta kiti.