Kompyuta Juu ya Dungu

Kila siku kabla jua halijachomoza, Bernadeta alipanda dungu, jukwaa la miti lililosimama katikati ya shamba la mpunga, akaanza kuamia, yaani kufukuza ndege wasile mpunga. Alivuta kamba iliyofungwa makopo matupu, akapiga kelele, akarusha madongo kwa kombeo. Kwelea waliruka, wakazunguka kidogo, kisha wakatua upande wa pili kama watu waliohama kiti tu. Naye akavuta kamba tena. Ndege wale hawajui Jumapili, na mpunga ukishaanza kukomaa, mwenye shamba naye huisahau.

Bernadeta alikuwa Darasa la Saba katika shule moja ya Mchombe. Msimu huo familia nyingi zilikuwa zimehamia kambi za mashambani, mbali na shule. Mwalimu Telesphory, aliyefundisha sayansi, hakutaka wanafunzi wake wapitwe na masomo. Alichukua kompyuta mpakato ya shule, akamkabidhi Bernadeta mbele ya mama yake.

"Humu hamna haja ya intaneti wala bando," alimwambia. "Masomo yote ya Darasa la Saba yamo ndani, video na mazoezi. Chaji inakaa saa tatu. Kila alasiri usome na Kabula. Jioni ipeleke kwa mzee Donati, jirani yenu, aichaji kwa sola yake. Ikidumu hapa, kambi nyingine nazo zitapewa."

Kabula alikuwa binti wa wafugaji wa Kisukuma waliokaa upande wa mbugani. Kila alasiri, akishanywesha ng'ombe, alitembea saa nzima kwenye matope ili aje kusoma. Baba yake alikuwa amemwambia wazi: akifeli mtihani wa Septemba, shule imekwisha, atabaki na mifugo. Kwa hiyo Kabula alisoma kwa bidii ya mtu anayekimbizwa.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wiki ya pili, uchovu ulimwingia Bernadeta mpaka kwenye mifupa. Mama yake, Balbina, alishinda akivuna shamba jingine karibu na mto, kwa hiyo tangu alfajiri hadi mchana Bernadeta alikuwa peke yake na ndege. Sauti ilimkauka. Macho yalikuwa yakijifumba yenyewe, hata akiwa amesimama.

Jumatatu asubuhi alifungua kompyuta ili asiendelee kusinzia. Lilikuwa somo la sauti, na katika video mwalimu mmoja alikuwa akipiga ngoma. Ngoma ilipolia, kwelea wote waliruka kwa mkupuo. Bernadeta alicheka peke yake. Akaongeza sauti mpaka mwisho, akaiweka video ijirudie, akalaza kichwa juu ya gunia. Jamani, usingizi ule ulikuwa mtamu!

Alipoamka jua lilikuwa kali, kompyuta imezima, na ndege wamejaa kwenye kona ya shamba. Alasiri Kabula akafika, miguu imejaa tope hadi magotini.

"Imezima," Bernadeta alisema bila kumtazama. "Nadhani betri ni mbovu."

"Basi, tutajaribu kesho," Kabula alijibu, akageuka kurudi alikotoka.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa pia. Kwelea walikuwa wameshaizoea ngoma, wakila huku inalia. Bernadeta aliliona hilo, lakini kila asubuhi aliiwasha tena, maana sasa alichokitaka ni kulala tu. Siku ya tatu Kabula alikaa chini ya dungu akijikwangua tope.

"Leo nimembembeleza mdogo wangu anishikie ng'ombe," alisema. "Sijui kesho kama atakubali."

Bernadeta aliona aibu, akajifanya anavuta kamba ya makopo.

Siku ya nne Mwalimu Telesphory alikuja kwa baiskeli, jasho likimtiririka. Kabula alikuwa nyuma yake, na mama Balbina alikuwa amerudi kula.

"Shikamoo, Mwalimu," Bernadeta alisalimu.

"Marahaba. Kabula ameniambia betri imekufa." Mwalimu alishusha pumzi. "Nitaipeleka kwa fundi mjini Ifakara. Mkuu wa shule aliniambia mapema kwamba vifaa hivi haviwezi maisha ya shamba. Naona alikuwa sahihi. Hatutavitoa tena."

Kabula aliinamisha kichwa, akaanza kulia kimya kimya. Bernadeta alishindwa kuvumilia.

"Mwalimu, betri ni nzima," alisema. "Ni mimi ninayeimaliza. Naiwasha asubuhi ifukuze ndege, mimi nalala."

Mama yake aliitazama ile kona ya shamba, mahali ambapo masuke yalikuwa yamebaki matupu.

"Kumbe! Sasa mwanangu, kwa nini hukuniambia umechoka?"

"Na wewe umechoka, mama."

Mama Balbina alikaa juu ya tuta, akajifuta uso kwa kanga. "Hata hivyo ungesema. Kuanzia kesho alfajiri nitaamia mimi, wewe utapokea jua likipanda. Huko mtoni kutasubiri."

"Sikugombezi kwa kuchoka," Mwalimu Telesphory alisema. "Kila mtu hapa amechoka, hata mimi na baiskeli hii. Anayesema amechoka hupata wa kumpokea. Wewe uliuficha uchovu wako kwa uongo, na mwenzako akaubeba kwa miguu siku tatu nzima. Uongo wako ulikuwa karibu kuwafungia masomo watoto wa kambi zote. Kompyuta itabaki, kwa sababu umesema kweli kabla sijaondoka nayo."

Bernadeta alimgeukia Kabula. "Nisamehe."

"Nimekasirika," Kabula alisema. "Ungeniambia tu, ningekuja mapema niamie, wewe ulale, halafu tusome." Akapanda dungu, akaishika kamba ya makopo. "Haya, lala sasa. Ila kesho nikija nataka nikute chaji imejaa."

Bernadeta alijilaza kwenye gunia. Usingizi haukumjia upesi kama siku zile nyingine. Kwa muda mrefu alibaki akimsikiliza Kabula akipiga kelele kwa niaba yake.