Ubao wa Meneja

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Msumari alikwenda kumpeleka Meneja, mbwa wao, haja. Siku hizi haikuwa kazi ya kufungua mlango na kupiga mluzi. Alipitisha taulo chini ya tumbo la mbwa, akashika ncha zake mbili kwa mkono mmoja na kamba ya shingoni kwa mkono mwingine, kisha wakashuka ubao wa mteremko kutoka barazani hadi uani, taratibu kama maharusi. Meneja hakuwa na haraka. Alinusa rundo la mbao, akanusa meza ya randa, akanusa miguu ya kila kiti kilichosubiri mwenyewe, ndipo akajisaidia pale pale alipojisaidia jana.

Jina lake alilipata kwa ukaguzi huo. Baba yake Msumari alikuwa fundi seremala, na karakana yake ilikuwa pale pale uani. Wateja walizoea kutania kwamba hakuna kabati linalotoka bila sahihi ya Meneja. Msumari naye alibandikwa jina na baba yake, kwa kuwa alikuwa mwembamba, amenyooka, na akishaingia mahali hang'oki kirahisi.

Mwaka huo Meneja alianza kuchechemea, halafu akashindwa hata kuinuka. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imelika. Daktari wa hospitali ya wanyama iliyokuwa ndani ya chuo kikuu aliwaeleza kwamba angeweza kuitoa na kuweka nyonga bandia, na kwamba Meneja angekuwa mbwa wa kwanza kufanyiwa upasuaji huo pale. Hakuwaficha kitu. Alisema mbwa wengi hupona wakakimbia kama hawakuwahi kuumwa, lakini wengine huingiwa na vijidudu kwenye jeraha, wengine hupasuka mfupa wa paja, na wengine nyonga huchomoka kabla nyama hazijashikana.

"Adui yenu mkubwa ni utelezi," aliwaambia siku ya kumruhusu Meneja baada ya upasuaji. "Asikimbie, asiruke, asikanyage sakafu laini mpaka nitakaposema mimi."

Baba alikwenda nyumbani akatengeneza ule ubao. Aliuacha na ukwaru wake, hakuupiga randa, na juu yake akapigilia gunia kuukuu ili kucha za Meneja zipate pa kushika. Ulikuwa ubao mbaya kuutazama, lakini Meneja aliupanda na kuushuka bila wasiwasi, na kila siku mguu ulizidi kupata nguvu.

Ijumaa moja, mwenzake Msumari wa darasani alipita kumwona mgonjwa. Watoto walimwita Mwanasheria kwa sababu hakuna jambo ambalo hakulibishia.

"Ndiye huyu mwenye nyonga ya chuma?" aliuliza, akichungulia juu ya ua. "Mbona anatembea kama mbwa tu?"

"Ulitaka atembee kama nani?"

"Na hilo gunia? Baba yako fundi mzima, halafu ubao wenu mmeuvalisha matambara! Kesho tunakuja wengi kumwangalia. Aibu hiyo mtaificha wapi?"

Msumari alicheka, lakini maneno yalimwingia. Yeye alikuwa mtoto wa seremala. Alikulia kwenye nyumba ambayo kitu kisichopigwa vanishi kilihesabiwa kuwa bado hakijazaliwa. Usiku kucha aliliwaza lile gunia.

Jumamosi asubuhi Baba aliondoka na mkokoteni kupeleka kabati kwa mteja. Mama alikuwa chumbani, cherehani yake ikinguruma. Msumari alichukua nyundo akang'oa misumari, akaliweka gunia kando, akausugua ubao kwa msasa mpaka ukawa laini kama shavu, kisha akaupaka vanishi kama alivyomwona baba yake akifanya, kwa kufuata nyuzi za mti. Jua lilikuwa kali. Kufika mchana aliugusa kwa kidole, akaona umekauka. Uling'aa ukapendeza. Mwanasheria angekosa la kusema.

Alipitisha taulo chini ya tumbo la Meneja kama kawaida. Mbwa alipoufikia ubao alisita, akaunusa, akarudi nyuma.

"Twende bwana, usinitie aibu," Msumari alimbembeleza, akaivuta kamba kidogo.

Meneja akamtii. Hatua ya kwanza alikwenda vizuri. Ya pili, kucha zikakosa pa kushika, miguu ya nyuma ikatanuka huku na huku, na uzito wake wote ukalipokonya taulo mkononi mwa Msumari. Mbwa alitoa ukelele ambao Msumari hakuwahi kuusikia kwake. Cherehani ilikuwa ikinguruma bado, na Mama hakusikia.

Msumari alimnyanyua Meneja kwa shida, akamrudisha kwenye kibanda chake pale barazani. Mguu wa kulia haukukanyaga tena, ulining'inia. Msumari alifikiri la kufanya, na lililomjia kwanza lilikuwa gunia. Alilirudisha juu ya ubao, akapigilia misumari kwenye matundu yale yale ya mwanzo. Harufu ya vanishi haikuwa ya kumshtua mtu, maana nyumba yao ilinukia vanishi mwaka mzima. Wenzake walipokuja aliwaambia mgonjwa amelala, wakarudi makwao wakinung'unika.

Jumapili Meneja hakugusa chakula.

"Huyu ana nini leo?" Mama aliuliza.

"Amechoka tu, mama. Jana alitembea sana."

Alipolisema hilo Meneja alikuwa akimtazama. Msumari aliinuka akaenda kukaa chumbani. Alijipa moyo kwamba mguu utatulia wenyewe, kama kifundo cha mtu kinavyoteguka kikapona. Jioni Baba alijaribu kumsimamisha mbwa, naye Meneja, ambaye hakuwahi kumwonyesha Baba jino, alimngurumia.

Jumatatu hakuna aliyezungumzia shule. Walikodi gari dogo la mizigo, wakamlaza Meneja juu ya godoro, wakaenda hospitalini.

"Shikamoo, daktari," Msumari alisalimia kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mwanangu." Daktari alikuwa ameshapiga magoti kwenye sakafu, mikono yake ikipapasa nyonga polepole. Aliagiza mbwa apigwe picha ya eksirei, na picha ilipokuwa tayari aliwaita ndani waione.

"Nyonga imechomoka," alisema. "Hiki ni kichwa cha chuma. Na hiki ni kikombe kilichotakiwa kukibeba. Vimeachana. Sasa nataka mniambie ukweli mtupu. Alianguka? Aliteleza? Aliruka?"

"Hakuanguka wala hakuteleza," Baba alijibu. "Ubao wake niliutengeneza kwa mikono yangu. Gunia lipo mpaka leo, nimelikagua. Tumefuata kila ulichosema."

Daktari aliitazama picha tena, muda mrefu. "Kama angeteleza ningemlaza kwa dawa ya usingizi, nikajaribu kuirudisha kwa mikono, bila kisu. Lakini kama imechomoka yenyewe akitembea tu, basi kosa ni langu. Nitakuwa nimekiinamisha kikombe kupita kiasi. Itabidi nimpasue upya leo hii, nikitoe, niweke kingine. Na mfupa wenyewe haujapona vizuri. Ukipasuka, huenda tukatoa kila kitu, na mguu huo hautakuwa mguu tena."

Baba alipandwa na hasira. Yeye ndiye aliyetengeneza milango ya hospitali ile, na alikuwa akimsifia daktari huyu kwa kila mteja.

"Kwa hiyo mmejifunzia kazi kwa mbwa wangu!" alifoka. "Mbwa wa kwanza, mbwa wa kwanza, kumbe ndiyo maana yake! Nitamwambia kila mtu asilete hata paka hapa!"

Daktari alichukua mashine ya kunyolea, akaanza kuunyoa mguu wa mbele wa Meneja mahali pa kupitisha sindano. Msaidizi wake alikuwa ameshaanza kupanga visu juu ya trei.

"Mshikie mguu mwingine, mwanangu, asitikisike," daktari alimwambia Msumari.

Msumari aliushika. Katikati ya vidole vya mbwa, penye manyoya, palikuwa na ukoko mdogo wa manjano unaong'aa. Alijua ni nini. Ilikuwa vanishi, maana ubao ulikuwa umekauka juu tu. Angeweza kuubandua kwa ukucha akautupa, na hapana mtu angejua. Alimtazama Meneja, naye Meneja, pamoja na maumivu yote, akamlamba mkono.

"Aliteleza," Msumari alisema.

"Nini?" Baba aligeuka.

"Aliteleza, baba. Jumamosi. Nililitoa gunia nikaupiga ubao vanishi ili upendeze. Akateleza. Halafu nikalirudisha gunia ili msijue." Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini hakuyafuta, kwa sababu alikuwa bado ameushika mguu.

Msumari alingoja kugombezwa. Baba hakugomba, aliketi kwenye benchi, na hilo lilimuuma Msumari kuliko kipigo.

Daktari peke yake ndiye aliyekuwa na la kuuliza. "Miguu ilikwendaje? Ilitanuka nje?"

"Ndiyo. Yote miwili. Huu wa kulia ndio ulikwenda mbali zaidi."

"Alilia papo hapo?"

"Papo hapo. Na hakuukanyaga tena."

Daktari alimgeukia msaidizi. "Ondoa visu. Tunaanza na dawa ya usingizi." Kisha akamwambia Msumari, bila ukali lakini bila kumbembeleza, "Ungesema Jumamosi ingekuwa kazi nyepesi. Leo misuli imekaza. Nitajaribu, ila siwezi kukuahidi kitu."

Walitolewa nje. Korido ilikuwa ndefu na inanuka dawa. Baba alikaa akiitazama bawaba ya mlango, bawaba aliyoifunga mwenyewe.

"Gunia ulilipigilia vizuri," alisema hatimaye. "Nimelikagua sikuona kitu."

"Nisamehe, baba."

"Mimi nimemtukana mtu, Msumari. Mbele ya watu wake. Nimemtukana kwa kosa lisilo lake, kwa sababu nilikuamini wewe."

Kutoka ndani walisikia sauti za watu wakihesabu na kuvuta pamoja, kisha kimya, kisha kuvuta tena. Msumari alifikiri kwamba Meneja akifa au akikatwa mguu hataweza kushuka barazani asubuhi hata siku moja. Alitamani angeng'oa Jumamosi yote kama alivyong'oa ile misumari.

Mlango ulipofunguka, daktari alikuwa amelowa jasho shingoni.

"Imerudi," alisema. "Kwa mikono. Kikombe kipo sawa, hakikutikisika."

Baba alisimama. "Daktari, maneno yangu ya mwanzo..."

"Yameshapita, fundi. Hata mimi nilikuwa nimeshajihukumu." Aliegemea ukuta, akashusha pumzi. "Lakini msishangilie bado. Mguu tumeufunga, tunaanza upya tangu mwanzo, na ikichomoka tena itabidi tupasue." Akamgeukia Msumari. "Sikiliza, mwanangu. Nyonga kama hizi huchomoka kwa mbwa wengine hata pasipo mtu kukosea, na ikitokea hivyo daktari hutafuta sababu ili ajue pa kutibu. Kosa la vanishi ni dogo, vanishi inakwanguliwa. Ila kimya chako kilikuwa kinaniongoza kukata mahali pasipohitaji kisu. Mgonjwa wangu hasemi. Wewe ndiye mdomo wake."

Siku ile ile waliporudi, Baba alimkabidhi Msumari kikwangulio na ule ubao. Hakumsaidia. Msumari alikwangua mpaka viganja vikafanya malengelenge, mpaka ubao ukawa na ukwaru kama mwanzo, akapigilia gunia huku Baba akimtazama. Mwanasheria alipopita na kuuliza kwa nini anauharibu, Msumari alimsimulia yote, hata sehemu ya kulirudisha gunia kwa siri. Kwa mara ya kwanza Mwanasheria hakubisha.

Zilikuwa wiki ngumu. Meneja alifungiwa kibandani, mguu umefungwa, na kila alipolia Msumari alishtuka. Mara mbili walikimbilia hospitalini bure. Lakini picha ya mwisho ilionyesha nyonga imetulia, na bendeji ikafunguliwa.

Asubuhi iliyofuata Msumari alipitisha taulo chini ya tumbo, wakaufikia ubao. Meneja akagoma. Alikaa kitako, masikio nyuma, akamtazama Msumari kama hamjui. Hilo halikuwa kwenye picha yoyote ya daktari. Msumari hakuivuta kamba. Alikaa chini kando yake barazani, akangoja. Kesho yake ikawa vile vile, Meneja akateremshwa kwa kubebwa na Baba. Siku nyingine Meneja aliinuka mwenyewe, akalinusa gunia kuanzia mwanzo mpaka mwisho kama kiti kilichomtia shaka, akaweka mguu mmoja, akaukanyagia, kisha mwingine.

Baba alikuwa ameshika randa bila kuisukuma. Walipofika chini alisema, "Umeona, Msumari? Yeye hana habari na ubao unaopendeza. Anataka usiomwangusha. Na akianguka, anataka mtu atakayesema. Wewe uwe mtu huyo, kwake na kwa watu wote."

"Ndiyo, baba," Msumari alijibu. Meneja alikuwa ameshawaacha, anachechemea kidogo kuelekea kwenye viti vipya, maana vilikuwa vimekaa siku nyingi bila kukaguliwa.