Chaki Kwenye Sare ya Dada

Asubuhi nyumbani kwetu huwa na kelele mbili: cherehani ya Mama, na Dada akikariri majina ya dawa huku anapiga pasi sare nyeupe ya chuo cha uuguzi. Muhula huu Dada akanyamaza. Anapiga pasi kimya, anakunywa chai kimya, anaondoka. Mimi ni mtu wa kuona mambo. Mama huniita Mpekuzi, na hasemi kwa kunisifu.

Nikaanza kumchunguza. Alikuwa akichelewa kurudi, na nikiingia chumbani anafunika daftari lake haraka. Kitabu changu cha hesabu cha darasa la tano kilipotea, nikakikuta chini ya mto wake. Mwanachuo na kitabu cha darasa la tano, wapi na wapi? Kisha nikachukua sare yake niifue, nikaona vumbi la chaki kwenye mkono. Dada mwenyewe alituringia kwamba chuoni kwao chaki imepitwa na wakati, wanaandika kwa kalamu za wino kwenye ubao mweupe.

Basi nikajumlisha: Dada amefukuzwa chuo, anafundisha watoto mahali fulani, na sare anaivaa kutuzuga. Nilimpelekea Mama habari hiyo ikiwa moto.

"Mama, Dada hasomi tena. Amefukuzwa."

Mguu wa Mama ukaacha kukanyaga cherehani. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimeona dalili."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Kwani atakubali?"

 Mama alirudi kushona, lakini mshono ukaenda upande, ikabidi aufumue. Tangu siku hiyo naye akawa anamtazama Dada kwa jicho la pembeni. Nilijiona nimefanya kazi kubwa.

Alhamisi nilijibanza ng'ambo ya lango la chuo. Dada akatoka pamoja na wenzake, daftari mkononi. Kumbe chuo bado anaenda! Badala ya kushukuru, nikazidi kushuku. Nikamfuata kwa mbali hadi alipoingia mahali ambapo sikutarajia kabisa: shuleni kwangu, darasani kwangu.

Nilichungulia dirishani. Dada alikuwa amebanwa kwenye dawati letu dogo, magoti hayaingii. Mbele yake alisimama mwalimu wetu wa hesabu, yule tunayemwita Nukta kwa jinsi anavyozipenda desimali.

"Jumatatu ndiyo mara yangu ya mwisho kufanya mtihani, Mwalimu," Dada alisema. "Maswali kumi ya kukokotoa dozi, bila kikokotoo. Nikikosa hata moja, naondoka chuoni."

"Desimali ulizisoma darasa la tano."

"Nilinakili kwa jirani yangu. Baadaye nikategemea kikokotoo."

Niliona aibu hadi masikio yakawa ya moto. Nikageuka niondoke, lakini Mwalimu alikwisha kuniona. "Wewe wa dirishani, ingia."

Dada alinikazia macho. "Umenifuata?"

"Nilidhani umefukuzwa," nikajibu kwa sauti ndogo.

"Bado siku nne," alisema, na machozi yakamtoka.

Mwalimu hakutupa nafasi ya kugombana. Alimpa Dada chaki, akamwelekeza kwenye swali ubaoni: mtoto anatakiwa kupewa miligramu 125, na kila mililita tano za dawa zina miligramu 250. Dada alihangaika, akafuta, akaandika mililita 25.

"Dada," nilisema, "kijiko cha chai si mililita tano? Hivyo ni vijiko vitano. Mtoto mdogo atakunywaje vyote hivyo?"

Dada aliutazama ubao tena. Kisha akaweka nukta: 2.5.

"Mmeona?" Mwalimu akasema. "Wodini muuguzi mmoja hukokotoa, mwingine huhakiki kabla dawa haijatolewa. Hakuna anayeambiwa ni mjinga kwa kuhakikiwa. Ni kanuni ya kazi."

Tulirudi nyumbani pamoja. Dada alimweleza Mama yote, na jinsi alivyoogopa kumwangusha, kwa kuwa kila mteja huambiwa binti wa fundi ni nesi mtarajiwa. Nami nikaomba radhi kwa uzushi wangu. Mama akatuamuru tusogeze meza. Siku tatu mfululizo Dada alikokotoa kwa sauti, mimi nikahakiki, naye Mama akauliza kila mara, "Hiyo inamezeka kweli?"

Jumatatu Dada aliingia na karatasi mkononi, akaiweka juu ya kitambaa alichokuwa akikata Mama. Kumi kwa kumi. Mama aliishika, akaisoma mara mbili, akatufuta machozi sote wawili kwa upande wa khanga yake.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "Wewe mkubwa, mficha maradhi kifo humuumbua. Ungekaa na siri hiyo, ungepoteza chuo, au siku moja ungempotezea mtu mtoto wake. Na wewe Mpekuzi, ulichungulia, ukafuata, ukahukumu. Ulimpeleleza dada yako wiki nzima, na hata siku moja hukumuuliza, 'Dada, una nini?'"

 Nikamgeukia Dada, nikamuuliza swali hilo.