Bwawa Lililosahau Kuzaa

Alungat alilipenda bwawa lake asubuhi, kabla watu wa Osukuru hawajaamka vizuri. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Mwamba wa Tororo ulionekana kwa mbali, nusu yake tu, kana kwamba nusu nyingine iko usingizini. Aliketi ukingoni, akatia miguu majini, akatazama. Emojong, mumewe, alimtania kwamba ameolewa na samaki.

Kilichomvuta ni mama ngege. Samaki huyu huwalea watoto wake mdomoni. Akiona kivuli, hufungua mdomo, nao wote huingia ndani kama vifaranga chini ya bawa. Alungat aliweza kuusubiri mdomo huo ufunguke tena hadi uji ukaungua jikoni.

Lakini msimu huu midomo ilikuwa mitupu. Hakuonekana mtoto hata mmoja. Madume nao hawakuchimba viota vyao vya mviringo kwenye tope la pembeni. Samaki walikula, wakanenepa, wakaogelea polepole kama watu waliosahau walikuwa wakienda wapi. Hata vyura walinyamaza.

"Vyura, afadhali," Emojong alisema. "Sasa tunalala. Lakini hii bwawa, Mama Acom, kama haizai mpaka mvua ije, mimi nafukia. Tunapanda nduma."

"Ngoja kidogo, Baba Acom."

"Nangoja nini? Bwawa ya Olweny pale juu imejaa watoto, na samaki tulinunua pamoja, siku moja. Yule jirani anatuonea kijicho."

Alungat aliyatazama maji. Moyo ulimuuma. Bwawa lile alilichimba kwa mikono yake, akiwa na mimba ya mtoto wao Acom.

Kesho yake alikwenda Tororo mjini kumwita Akol, afisa wa samaki. Akol alikuja kwa boda boda, kisanduku chake mapajani. Aliketi kando ya Alungat, akayatazama maji mpaka Emojong akakohoa.

"Madamu, samaki yangu haijakufa hata moja. Kama ni sumu, si wangekufa?"

"Mzee, si kila kinachodhuru kinaua," Akol akajibu. "Mwilini mwa samaki, kama mwilini mwetu, kuna wajumbe. Tunawaita homoni. Wanauambia mwili: sasa kua, sasa tengeneza mayai, sasa chimba kiota. Kuna kemikali zinazojifanya wajumbe, au zinazowazuia njiani. Mwili ukipata habari za uongo, samaki anaishi lakini hazai."

Walivua samaki kutoka bwawa lile, na wengine kutoka kwa Olweny ili walinganishe. Akol akawapasua. Dume wa Olweny alikuwa sawa. Ndani ya dume wa Alungat mlikuwa na punje ndogo za njano.

"Mayai," Akol akasema.

"Mayai? Ndani ya dume?" Emojong akavua kofia, akaivaa tena.

Akol alichukua pia damu na maji. "Jike anapotengeneza mayai, damu yake hubeba protini ya kiini cha yai. Maabara wakiikuta kwa wingi katika damu ya dume, tutajua ujumbe umevurugwa. Kwa sasa msile samaki hawa. Na maji yenu yanatoka wapi?"

Alungat akaonyesha mfereji. Kwenye kona yake, juu kidogo, kila Jumamosi Emojong aliwapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Kisha aliosha bomba la kupulizia palepale na kumwaga dawa iliyobaki. Ndivyo baba yake alivyomfundisha: ukimwaga shambani, mahindi yataungua.

"Maji inabeba tu, inakwenda," Emojong akasema.

"Inakwenda wapi, Baba Acom?" Alungat akauliza taratibu.

Emojong akaufuata mfereji kwa macho, kutoka kwenye kona hadi kwenye bwawa la mkewe. Olweny alichota maji ya chemchemi, juu ya kona ile. Emojong akavua kofia, na safari hii hakuivaa tena.

Majibu yalipofika, protini ilikuwa imekutwa katika damu ya madume, na dawa ya kupe imekutwa majini. Emojong alikwenda kwa Olweny bila kutumwa na mtu, akaomba radhi kwa kumshuku. Wakanywa ajono, pombe ya wimbi, kutoka chungu kimoja.

Tangu hapo ng'ombe hupuliziwa zizini, mbali na mfereji. Dawa huchanganywa ya kutosha tu, isibaki. Maji ya kusuuzia bomba hurudishwa mgongoni mwa ng'ombe, na makopo hayaoshwi mferejini. Walilikausha bwawa, wakaacha nyasi zikue kando ya mfereji, wakajaza maji mapya. Olweny ndiye aliyewapa samaki wa kuanzia.

Mvua zikaja. Asubuhi moja Emojong aliamka akilalamika kwamba vyura hawakumpa usingizi. Alungat alikuwa ameshatoka. Akamfuata bwawani, ukungu ukiwa bado umelala, akasimama nyuma yake. Kivuli chake kikaanguka majini.

Chini yake, mama ngege akafungua mdomo. Wingu la watoto likaingia ndani, mdomo ukafungwa, maji yakatulia.

Emojong akachutama. Nyuma yao, harufu ya uji unaoungua ikaja polepole kutoka jikoni. Alungat akataka kuinuka.

Emojong akamshika mkono. "Wacha iungue," akanong'ona. "Ngoja afungue tena."