Kopo la Vidonge la Mafundi Waashi

"Lete kopo!"

"Silileti ng'o! Umemeza humo siku mbili, na mkono ndio huo, kama umepulizwa."

"Mke wangu, zege linakauka kule! Na mwenzangu Kijiko ana mafua, analingoja hilo kopo."

"Likauke. Huo mkono ukioza utajengea nini, meno?"

Mume akazunguka chumba mara tatu. Wenzake kazini humwita Timazi, maana ukuta wake haupindi. Wiki iliyopita msumari ulimchana kiganja, kikatunga usaha. Mafundi wana kopo la rangi wanalotilia vidonge. Ukipona, unatumbukiza vilivyobaki. Ukiumwa, unachota. Watu sita, kopo moja, na wiki hii lililala kwake. Timazi alichota amoksilini. Uvimbe ulipopungua akaacha. Sasa umerudi, na wekundu unapanda kuelekea kiwiko.

Mke akalitia kopo kwenye mkoba, akamsukuma mumewe hadi zahanati.

Muuguzi alikuwa mke wa kaka yake Timazi. "Shemeji, umeniletea mkono au boga?"

"Nichome sindano niondoke."

"Kaa! Hata kuku anayetaga hutulia." Akafungua kopo, akaguna. "Dawa hizi unazimeza kama karanga? Sikiliza, wewe ni mwashi, utanielewa. Bakteria ana ukuta. Akikua, anajenga. Penisilini, amoksilini na ndugu zake zinamzuia kuunganisha ukuta. Unalegea, maji yanaingia, anapasuka."

"Kumbe ananyang'anywa mwiko!"

"Haswa. Lakini wengine wana mkasi. Wanaikata dawa kabla haijafika ukutani. Ukimeza ovyo, wanyonge wanakufa, wenye mkasi wanabaki na uwanja wote. Wanazaana, wanagawiana mikasi. Ndio usugu huo. Kesho dawa haikusaidii wewe wala mwanao."

Timazi alitikisa goti. "Na mafua?"

"Mafua ni virusi. Hawana ukuta huo. Utabomoa nini?" Akashika kalamu. "Dawa za ukoo huu zimewahi kukuvimbisha midomo, kukutoa vipele, kukubana pumzi?"

"Mimi hapana. Kijiko ndiye alivimba uso mzima, alipochomwa penisilini..."

Akaruka kutoka kwenye kiti, simu mkononi.

"Kijiko! Usimeze kidonge chochote! Hata cha mfukoni! ... Cheka tu, mjinga wewe. Amoksilini ni ukoo uleule wa ile sindano. Utakufa umesimama!"

Aliporudi kukaa, jasho lilikuwa linamtiririka. Daktari wa zahanati alipasua jipu, akatoa usaha. Akampa dawa ya ukoo uleule, ila hii inakwenda na mwenzake wa kuzuia ule mkasi wa bakteria. Siku saba, kwa saa zilezile, hata akijisikia mzima. Kopo likabaki zahanati, vidonge viharibiwe.

Siku ya tatu tumbo likamwendesha. "Naacha!" akafoka.

Mke akampigia simu yule muuguzi. Jibu likaja: "Dawa inawagonga hata bakteria wema wa tumboni. Anywe maji, aendelee. Akiharisha sana au akiona damu, mlete mbio."

Timazi akanuna, akameza. Mkewe alihesabu kila kidonge kama askari mlangoni.

Siku ya kumi alirudi kazini. Kiganja kimefunga, kovu tu. Alishika mwiko, vidole vyote vikatii. Kijiko alikuwa anakoroga zege, pua kavu.

"Mafua yameisha yenyewe," akasema. "Nilikuwa na kidonge kimoja mfukoni, bwana. Maji nilishayamimina uliponipigia simu."

Msimamizi akaja, kitambaa shingoni. "Timazi, kopo liko wapi? Koo linaniwasha."

"Halipo."

"Halipo vipi? Tukiumwa je?"

"Zahanati haijahama. Wakupime, waseme kama unahitaji dawa, na ipi."

"Nusu siku nzima kwa ajili ya koo?"

"Mimi nimekosa siku tisa kwa ajili ya kopo."

Timazi akageuka, akaufuata ukuta wake.