Fungate Isiyo na Harusi

Walijuana kwa ugomvi. Ilikuwa Jumamosi jioni kwenye foleni ya kulipia, katika duka kubwa la mji wa Kissimmee, watu wametoka kazini na vikapu vimefurika. Yadira Cotto alishika ndizi mbichi na mfuko wa mchele, amevaa shati la kazini la kijani lenye samaki aliyedariziwa kifuani. Mwanamume akapenyeza mkono mbele yake, akaweka soda yake kwa muuzaji. Shati lake lilikuwa jeusi, lina kimondo cha rangi ya fedha. Yadira alilijua shati lile. Ni la Kimondo, bustani ya michezo ya ng'ambo ya barabara kuu, mahasimu wa Marijani, bustani alikofanya kazi yeye.

"Kwenu wageni wa hoteli huruka foleni, kaka," alimwambia. "Hapa rudi nyuma."

"Na kwenu mgeni huvishwa bangili kama mbwa wa watu," akajibu Osvaldo Pagán. Lakini alirudi nyuma, na alipotoka dukani alimkuta Yadira anamngoja ammalizie maneno.

Wakapendana hivyo hivyo, kwa kuchokozana. Kwenye simu Osvaldo alijisifu kuwa mgeni wao hapangi mstari kutwa nzima. Yadira akamjibu kuwa bangili ya Marijani hufungua chumba, hulipa chakula, humwingiza mgeni asubuhi kabla ya umati, na langoni huitwa kwa jina kama mwana wa watu. Mwaka ukapita. Posa haikutajwa. Yadira, mwimbaji wa kwaya ya parokia, akaanza kumwuliza Mungu kama anapotezewa wakati.

Kazi yake ilikuwa langoni. Mgeni akigusisha bangili kwenye nguzo, jina lake na sherehe aliyoijaza mwenyewe wakati wa kununua hutokea kwenye kioo cha mashine, na mlinda lango lazima avisome kwa sauti, akitabasamu. Wageni wengi hudanganya, wapate keki ya bure. Yadira alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Asubuhi moja alitokea Osvaldo, shati jeupe limepigwa pasi, bangili mkononi. Kioo kikaandika: Osvaldo Pagán, fungate.

Yale yote aliyoyajua yakamtoka. Akasoma, meno nje, macho makavu. Kisha akamwuliza chini chini, "Mkeo yuko wapi?"

"Yuko karibu," alisema Osvaldo, anacheka.

"Basi mfuate. Unazuia watu."

Akamsogeza kwa mkono kama asogezavyo gari la mtoto. Mchana simu ikaita mara nyingi. Alipoipokea, Osvaldo alianza kueleza, naye akamkatiza. "Mpigie uliyekwenda naye fungate. Mimi nina kazi." Usiku alisali rozari yote na hasira haikupungua hata punje.

Kesho yake Osvaldo alirudi kwenye foleni ileile, shati lilelile, sasa limekunjamana. Alitoa bangili ya pili mfukoni, akaigusisha kwenye nguzo.

Kanuni ni kanuni. Yadira akafungua mdomo na kusoma kwa sauti: "Karibu Marijani, Yadira Cotto. Hongera kwa fungate."

Foleni ikapiga makofi. Yeye hakutabasamu.

"Umenioa lini, Osvaldo?"

"Nilijaza fungate ili tupewe chumba kinachotazama ziwa. Na keki. Jana nilikuja kukuposa, ukanifukuza."

"Umenifanya mke kwenye mashine kabla hujaniuliza mdomoni. Mimi ni mtoto wa kanisa. Fungate hutangulia harusi wapi?"

"Basi nakuuliza." Pete ilikuwa kwenye kiganja chake, imelowa jasho. "Nioe... nikuoe?"

Mama mmoja nyuma akanung'unika kuwa ule muda wa kuingia kabla ya umati unamwishia. Yadira akamwambia asubiri. Akautazama uso wa yule mtu kwa muda, kama mtu anayekagua noti. Hakuona uongo. Akageukia kioo, akafuta neno fungate kwenye majina yao yote mawili, akaandika jingine, akamnyooshea kidole avishwe pete.

"Gusisha tena bangili yako," alisema.

Osvaldo akaigusisha.

"Osvaldo Pagán," alisoma kwa sauti iliyofika hadi nyuma ya foleni, uso umekunjwa vilevile. "Hongera kwa uchumba."

"Na ile keki?"

"Wachumba hawapewi keki. Pita, unazuia watu."